Ditekta ya Metali: Maswali ya Kujiuliza Kabla ya Kununua

Kifaa cha kutambua metali si kigeni tena kwetu. Mlinzi wa benki anakipitisha kiunoni mwako kabla hujaingia. Kule Chunya nchini Tanzania na Migori nchini Kenya wachimbaji wadogo wanashinda nacho porini wakitafuta mapande ya dhahabu. Na mara mojamoja, asubuhi ufukweni, utamwona mtu amevaa spika za masikioni, anatembea polepole na kijiti chenye duara mbele, anasimama, anachota mchanga, anauchekecha, anatia kitu mfukoni. Makala haya yanamhusu huyo wa mwisho, yule anayetafuta kwa starehe.

Uingereza, Marekani na Australia starehe hii ina vilabu na majarida yake. Kwetu bado ni changa, na anayeianza anakutana na maswali ambayo mwenzake wa ng'ambo hayajui: leseni ya madini, hazina ya Mjerumani, mizimu, mwenyekiti wa kijiji. Msimamo wangu niuseme mapema. Katika nchi zetu ditekta inamfaa mtu anayetafuta kilichopotea. Anayetafuta kilichozikwa atapoteza fedha, na huenda akajikuta mahakamani.

Kinajuaje kwamba kuna kitu chini?

Ndani ya lile duara la mbele, ambalo watumiaji huliita koili, kuna nyaya zilizozungushwa. Betri inapitisha humo umeme unaobadilika-badilika, na umeme huo unazalisha uga wa sumaku unaoingia ardhini. Uga ukikuta metali, unaamsha mikondo midogo ya umeme ndani ya metali hiyo, na mikondo hiyo nayo inarudisha uga wake hafifu. Koili inaunasa, kisanduku kilicho juu ya mpini kinaugeuza kuwa mlio. Kazi yote ni hiyo.

Kwa hiyo kisichopitisha umeme hakina mlio. Tanzanite, rubi na almasi ziko kimya mbele ya ditekta yoyote, hata iwe ya bei gani. Dhahabu iliyo vumbi ndani ya mwamba nayo haisikiki. Kinachosikika ni pande lenye uzito wake. Upande wa pili, udongo mwekundu wenye chuma kingi, ambao tunao tele, unaweza kupiga kelele peke yake bila kitu chochote ndani. Ndiyo maana ditekta nzuri ina sehemu ya kuisawazisha na ardhi unayoikanyaga kabla hujaanza kutafuta.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na madaktari wakashindwa kujua risasi imekaa wapi mwilini. Alexander Graham Bell, yule wa simu, alitengeneza kifaa cha namna hii akakipitisha juu ya mgonjwa. Hakuipata. Godoro lilikuwa na springi za chuma, na daktari mkuu hakumruhusu kupekua isipokuwa upande wa kulia. Garfield alifariki Septemba mwaka huohuo. Hadi leo kosa la kwanza la anayeanza ni hilo la springi: viatu vyenye chuma puani, simu mfukoni, koleo lililolazwa karibu na koili. Kifaa kinalia, na mwenyewe anachimba shimo pasipo na kitu.

Kinafika kina gani?

Kwa sarafu ya kawaida, sentimita 15 hadi 25, udongo ukiwa mzuri. Debe au chungu cha chuma kinaweza kusikika chini zaidi, hasa ukitumia koili kubwa, lakini koili kubwa nayo inapitwa na vitu vidogo. Kidani au hereni inaweza kukukwepa hata ikiwa sentimita 10 tu. Hakuna zaidi ya hapo katika vifaa vya starehe.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya matangazo. Mitandaoni kunauzwa vifaa vyenye antena mbili zinazozunguka, au bastola yenye kijiti, vinavyodaiwa kunusa dhahabu umbali wa kilomita na kina cha mita 30, tena vikichagua: leo dhahabu, kesho fedha, keshokutwa zebaki. Huo ni utapeli, na umeshafikishwa mahakamani. Mwingereza James McCormick aliiuzia Iraq na nchi nyingine vifaa vilivyoitwa ADE 651, akidai vinagundua mabomu. Ndani havikuwa na betri wala mtambo wowote unaofanya kazi. Vilitokana na kichezeo cha kutafutia mipira ya gofu kilichouzwa chini ya dola 20. Askari wa vizuizi vya barabarani mjini Baghdad walivitegemea vifaa hivyo huku mabomu yakipita. Mwaka 2013 mahakama ya London ilimfunga McCormick miaka 10.

Antena inayozunguka huzungushwa na mkono wa aliyeishika, hata kama mwenyewe hajui kwamba anaizungusha. Njia ya kumpima muuzaji ni rahisi. Mwambie afiche pete ya dhahabu chini ya moja kati ya ndoo kumi zilizofunikwa wewe ukiwa hapo, kisha aingie mtu mwingine ambaye hakuona, naye aitafute kwa kifaa hicho. Mwenye ditekta ya kweli ataipitisha juu ya ndoo zote na kupata jibu papo hapo. Mwenye kijiti atakuambia leo nyota hazijakaa vizuri.

Sheria inaniruhusu?

Kumiliki kifaa ni jambo moja, kukitumia mahali fulani ni jambo jingine, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Ukiagiza kutoka nje, uliza kwanza mamlaka ya mapato, TRA au KRA, kuhusu ushuru na masharti ya kukiingiza. Baada ya hapo kuna mambo matatu yanayokusubiri: ardhi, madini na malikale.

Ardhi kwanza. Hakuna ardhi isiyo na msimamizi. Shamba lina mwenyewe, ufukwe wa hoteli una walinzi wake, na ardhi ya kijiji nchini Tanzania inasimamiwa na halmashauri ya kijiji. Hifadhi za taifa na hifadhi za bahari, kama Kisiwa cha Mafia au Watamu, usiingie na kifaa hiki bila kibali cha maandishi.

Madini ya Tanzania, kwa mujibu wa Sheria ya Madini, ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais, na Kenya nayo inayaweka mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi. Kutafuta dhahabu kunahitaji leseni hata ukichimba kwa sentimita 10 na mikono mitupu. Ukisikia mlio wa dhahabu katika shamba la babu yako, shamba ni la babu, dhahabu siyo. Tanzania ina leseni ndogo ya uchimbaji kwa raia, na tangu 2019 ina masoko ya madini ambako dhahabu inauzwa kwa njia halali. Kenya ina vibali vya wachimbaji wadogo chini ya Sheria ya Madini ya 2016. Ukitaka kuingia huko, ingia kwa mlango huo, na ujue umeshaacha starehe, umeanza biashara. Kumbuka pia kwamba eneo lenye leseni ya mtu ni lake hata kama hakuna uzio wala bango.

Malikale ndiyo wengi hawaijui kabisa. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inahesabu kuwa malikale kitu chochote kinachohamishika kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Kukichimba bila leseni ni kosa, na aliyekikuta kwa bahati anapaswa kutoa taarifa. Kenya, kwa Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006, mpaka ni 1895. Malikale iliyo ardhini ni mali ya serikali, na mgunduzi ana siku saba za kutoa taarifa Makumbusho ya Taifa. Zanzibar ina sheria na idara yake ya mambo ya kale. Wenyeji wa Kilwa Kisiwani, Songo Mnara, Gedi, Lamu na Mji Mkongwe hawahitaji kuambiwa. Maeneo hayo yote yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na kuonekana tu huko na ditekta mkononi kutakuletea maswali ya polisi.

Na ile hazina ya Mjerumani?

Kila mkoa una hadithi yake. Mjerumani alipokimbia alizika masanduku ya rupia chini ya mbuyu, chini ya jiwe lenye mshale, chini ya boma, karibu na reli. Wapo watu wazima, wenye akili zao timamu, waliouza ng'ombe kununua ramani.

Kuna punje ya ukweli, nayo inafaa kujulikana vizuri ili isitumiwe na matapeli. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, manowari za Uingereza zilikuwa zimeifunga bahari na koloni la Wajerumani likaishiwa sarafu. Mwaka 1916 Wajerumani waligeuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha fedha. Wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, wakapiga sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo mbele ya mlima. Zilitoka 16,198 tu, kisha mnamo Septemba Tabora ikatekwa na Wabelgiji. Wakusanyaji wa sarafu duniani wanazigombania hadi leo.

Lakini sarafu hizo zilipigwa ili zitumike, na zilitumika. Jeshi lililokuwa likitembea kwa miguu hadi Msumbiji, likilisha askari na wapagazi njiani, halikuwa na sababu ya kuacha nyuma dhahabu liliyoitengeneza kwa shida namna ile. Yaliyo mengi ardhini katika njia za vita hivyo, kuanzia Taveta hadi Mahiwa, ni maganda ya risasi, vifungo vya sare na makopo ya chakula. Hayo nayo yaache yalipo. Ni uwanja waliofia askari na wapagazi wetu kwa maelfu, wengi bila kaburi linalojulikana.

Mtu akikuletea "rupia" yenye kung'aa na kukuomba mtaji wa kuchimba zilizobaki, mwombe aiuze hiyo moja kwanza ndiyo iwe mtaji.

Kwa nini nisichimbe magofu, ikiwa nitatoa taarifa baadaye?

Kwa sababu kitu kikishatolewa kimepoteza nusu ya thamani yake, na nusu hiyo hairudi. Chukua sarafu za shaba za Kilwa. Moja yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yuleyule aliyemkaribisha msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, ilipatikana katika magofu ya Great Zimbabwe. Kwa kuwa mahali ilipopatikana panajulikana, sarafu hiyo moja ni ushahidi wa biashara kati ya pwani yetu na bara la ndani, mamia ya kilomita kutoka baharini. Sasa sikia za wenzake. Mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tano za Kilwa katika mchanga wa kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa Australia, pamoja na nne za Kiholanzi. Akazitia katika kopo, akaweka alama kwenye ramani, na mwaka 1979 akazipeleka kwa wataalamu. Zilifikaje huko? Mabaharia wa Kiswahili? Wareno? Meli ya Kiholanzi iliyozama? Hakuna anayejua, kwa sababu hazikuwa na udongo wa kuzieleza. Na Isenberg angalau alikuwa mwangalifu wa kuweka alama.

Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, mwaka 1984 wanaakiolojia walifukua zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha, pamoja na dinari za dhahabu za Wafatimi. Zilipigwa kwa majina ya watawala wa hapa hapa, na kwa kuwa zilikutwa pamoja na dinari zinazoweza kupangiwa tarehe, tukajua kwamba Waswahili walikuwa wakipiga sarafu zao za fedha katika karne ya 11. Angezifikia mwenye ditekta usiku mmoja, leo zingekuwa hereni mjini.

Uingereza imejaribu njia ya kuwashirikisha watafutaji badala ya kuwafukuza. Novemba 1992, katika kijiji cha Hoxne, mkulima alipoteza nyundo shambani akamwomba rafiki yake Eric Lawes aje na ditekta. Lawes alikuta sarafu, kisha vijiko, kisha cheni ya dhahabu. Akasimama. Hakuendelea kuchimba, aliita polisi na wanaakiolojia, nao wakalitoa sanduku zima la Kirumi jinsi lilivyopangwa, lenye sarafu karibu 15,000. Zawadi ya pauni milioni 1.75 aligawana na mkulima. Nyundo nayo ilipatikana, na leo iko British Museum pamoja na dhahabu yenyewe. Miaka minne baadaye ikapitishwa Sheria ya Hazina ya 1996, inayompa mgunduzi siku 14 za kutoa taarifa na kumhakikishia njia ya kulipwa.

Upande wa pili wa shilingi ni watu wawili waliofukua hazina ya zama za Waviking karibu na Leominster mwaka 2015, wakauza kwa siri. Walifungwa mwaka 2019. Sarafu chache zilizookolewa zimewafanya wanahistoria wafikirie upya uhusiano wa wafalme wawili wa wakati ule. Nyingine zinazokisiwa kuwa mamia hazijulikani zilipo.

Msomaji uliyeko Leicester au Reading, basi, una bahati: ukipata ruhusa ya maandishi ya mwenye shamba na kuwajua maofisa wa mpango wa taifa wa kuandikisha vilivyopatikana, starehe hii iko wazi kwako. Ukivuka kwenda Ufaransa hali inabadilika, kwani huko tangu sheria ya 1989 kutafuta vitu vya kale kwa ditekta kunahitaji kibali cha mkuu wa mkoa.

Ninunue ipi?

Ya kawaida, ya mtengenezaji anayejulikana, na isiyokutia deni. Garrett wa Marekani, Minelab wa Australia na Nokta wa Uturuki wote wana ditekta za wanaoanza, na huko ng'ambo huuzwa kati ya dola 150 na 300, kabla ya usafiri na ushuru. Zile za maelfu ya dola unazoziona migodini ni za kazi, zinatumia mipigo ya umeme badala ya wimbi linaloendelea, zinastahimili udongo mbaya, na hazichagui vizuri kati ya msumari na dhahabu. Hazikufai. Tena bandia zake zimejaa Afrika, zenye nembo na hata namba za bandia, kwa hiyo nunua kwa wakala anayeweza kukupa risiti na dhamana.

Ukiishi pwani, hakikisha ditekta yako inafanya kazi kwa masafa kadhaa kwa wakati mmoja. Mchanga uliolowa maji ya chumvi unapitisha umeme wenyewe, na ditekta ya wimbi moja hulia mfululizo pale mchanga unapokutana na maji. Mengine ni koleo dogo, chekeche la mchanga lenye mpini, spika za masikioni na mfuko wa takataka. Usisahau mfuko.

Nianzie wapi?

Uani kwako. Fukia shilingi 100, kizibo cha soda, msumari, pete ya fedha na kipande cha karatasi ya alumini, kila kimoja kwa kina tofauti, na uandike kiko wapi. Pita juu yake tena na tena hadi masikio yajue tofauti. Utagundua jambo la kuudhi: pete ya dhahabu na kipande cha alumini vinakaribiana sana mlio na namba kwenye kioo. Wanaoanza huiwekea ditekta kichujio kikali ili wasichimbe takataka, na kwa kufanya hivyo wanaziacha pete palepale. Miezi ya mwanzo chimba kila mlio.

Koili ipitishwe sambamba na ardhi, sentimita mbili tatu juu yake, kwa mwendo wa taratibu, kila pito likilalia sehemu ya pito lililotangulia. Kosa la wengi ni kuzungusha mkono kama mtu aliye na fyekeo, mwisho wa kila pito koili inapaa hewani na kina chote kinapotea. Ukipata mlio, geuka upite kwa upande mwingine; penye makutano ndipo pa kuchimba. Kwenye nyasi kata pande tatu tu, funua kama jamvi, toa kitu, rudishia, kanyaga. Shimo lililoachwa wazi ndilo litakalowafanya wenye uwanja wakukatalie wewe na atakayekuja baada yako.

Baada ya uani, ufukwe. Hapa mtu wa pwani ana elimu ambayo vitabu vya wageni havina. Pete hutoka vidoleni majini, maji yanapofika kiunoni, kwa kuwa ubaridi hufanya vidole vinywee na mafuta huvitelezesha. Kitu kizito huzama mchangani hadi kikutane na kokoto au mwamba, kikatulia. Sasa ngoja bamvua, mwezi mchanga au mwezi mpevu, maji yanapokupwa mbali; kwa pwani ya Zanzibar na Mombasa tofauti ya kujaa na kupwa hufika karibu mita nne, na pale walipokuwa wakiogelea watu jana unapakanyaga kwa miguu leo. Wakati wa maji mafu usijisumbue kwenda mbali; tafuta kwenye mchanga mkavu juu, penye vibanda vya madafu na mihogo. Kusi likivuma na kuukomba mchanga, ufukwe unashuka, na vitu vilivyokuwa ndani vinasogea karibu. Angalia mistari ambako kokoto, makombe mazito na vizibo vimekusanyika: bahari hupanga vitu kwa uzito, na palipo na vizibo vizito na risasi za nyavu ndipo patakapokuwa na sarafu.

Siku nzuri ya kwenda ni kesho yake baada ya sikukuu. Coco Beach ya Dar es Salaam baada ya Idi, ufukwe wa Pirates kule Mombasa baada ya Krismasi. Upande wa mashariki wa Unguja, Paje na Jambiani, tazama unapokanyaga: vile vijiti na kamba ni mashamba ya mwani ya akina mama, na kuvikanyaga ni kuharibu riziki ya mtu. Ukirudi nyumbani, osha koili kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Kijijini nenda kwanza kwa mwenyekiti, au kwa chifu na wazee wa mtaa ukiwa Kenya. Wafungulie kifaa wakione, wape wakisikie kikilia juu ya jembe. Mtu anayetembea peke yake na chombo kinacholia, akichimba vishimo, kwa macho ya wengi ni mwizi wa madini au mchawi. Waulize makaburi na mahali pa matambiko ni wapi, ukae mbali napo hata kama hakuna alama. Na ukitoa kitu shimoni, kionyeshe hadharani. Kizibo kilichofichwa mfukoni haraka kinaweza kuzaa uvumi wa kilo mbili za dhahabu kabla jua halijazama.

Nikipata pete ya mtu?

Mtafute mwenyewe. Sheria za jinai za Tanzania na Kenya zinamwona aliyeokota hana kosa iwapo hamjui mwenyewe na ana sababu za kuamini hawezi kupatikana. Pete yenye majina mawili na tarehe ya ndoa kwa ndani haitoi sababu hiyo. Waambie walinzi wa ufukwe na hoteli ya jirani, toa taarifa kituo cha polisi, ukieleza umepata pete bila kueleza ilivyo, ili anayeidai aieleze yeye. Waislamu wana hukumu ya luqata, kukitangaza kitu cha thamani mwaka mzima, na hata asiye Mwislamu akiifuata hatakosea.

Hapa ndipo starehe hii inapokuwa na faida ya kweli kwa jamii. Watalii na maharusi hupoteza pete kila msimu, na mtu mwenye ditekta anayejulikana hotelini huitwa. Elewaneni ujira kabla, iandikwe, na ukikosa usidai zaidi ya nauli.

Nikikuta kitu kinachofanana na bomu?

Usikiguse, usikipige picha kwa karibu, usikisogeze ili ukione vizuri. Rudi kwa njia ileile uliyojia, zuia watoto, piga 112. Wakazi wa Dar es Salaam wanakumbuka Mbagala Aprili 2009 na Gongo la Mboto Februari 2011, maghala ya silaha yalipolipuka na mabomu kuruka hadi kwenye makazi ya watu. Samburu na Laikipia nchini Kenya, wafugaji waliumia kwa mabomu yaliyoachwa kwenye maeneo ya mazoezi ya kijeshi, hadi mwaka 2002 Uingereza ikakubali kulipa fidia. Chuma kikubwa chenye kutu, umbo la chupa au yai, penye historia ya namna hiyo, si cha kuchezea.

Nitarudisha fedha zangu?

Kuna uwezekano mkubwa usizirudishe. Utakachopata zaidi ni vizibo, misumari, kamba za nyaya, sarafu zilizokwisha thamani na funguo za watu. Pete huja mara chache, na nyingine utazirudisha kwa wenyewe. Anayehitaji kipato asinunue ditekta kwa mkopo. Anayependa kutembea asubuhi, mwenye subira na asiyechoka kuinama, ataipenda. Na siku koili itakapolia juu ya kitu chenye maandishi ya Kiarabu, au karibu na vigae vya vyungu na shanga, simama kama Lawes. Piga picha, weka alama mahali penyewe, acha kila kitu ardhini, kisha uende kwa afisa utamaduni wa wilaya au ofisi ya makumbusho iliyo karibu nawe.